Kulea Celica ya Mwaka 1991

Wanaoniuliza habari za gari langu huanza na spidi, hufuatia na ulaji wa mafuta, na humalizia na bei. Mipira ya milango hakuna anayeiuliza, ingawa imenihangaisha kuliko injini na gia boksi kwa pamoja. Gari lenyewe ni Toyota Celica ya kizazi cha tano, chesisi ST182, iliyotoka kiwandani Japani mwaka 1991 ikiwa na injini ya 3S-GE ya lita mbili, gia za mkono, na zile taa za mbele zinazolala ndani ya boneti mchana na kuinuka unapoziwasha. Ninaishi nalo Dar es Salaam, mji ambao jua lake, chumvi yake ya baharini na foleni zake ni mtihani kwa gari lolote, sembuse lililopita miaka thelathini. Kazini siendi nalo. Ni gari la Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu, na la jioni za kushika spana.

Mapenzi haya yana chanzo chake. Kwa sisi tuliokulia Afrika Mashariki katika miaka ya 1980 na 1990, Celica na Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, vilikwenda pamoja, hata kwa tuliokuwa upande huu wa mpaka na tukifuatilia kwa redio na kwa magazeti yaliyofika yakiwa yamechelewa. Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 na tena mwaka 1986 kwa Celica Twin Cam Turbo, na katikati yake, mwaka 1985, akashinda Juha Kankkunen kwa gari la aina hiyohiyo. Baadaye ikaja Celica GT-Four ya chesisi ST185, ndugu wa damu wa gari langu, ikachukua ushindi miaka minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza, na mwaka 1994 mshindi alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Langu si GT-Four. Halina turbo, linavutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na lilipokuwa jipya nguvu zake zilihesabiwa kuwa farasi 165. Vijana wa mtaani hunishauri nibandike maandishi ya GT-Four nyuma. Nimekataa, kwa sababu gari linalodanganya jina lake humchanganya hata muuza spea.

Na habari ya spea ndiyo kiini cha maisha na gari la namna hii. Injini za ukoo wa 3S zimejaa nchini: ziko kwenye Carina, Corona, Caldina, Ipsum, RAV4 za kwanza na Noah za zamani. Kwa hiyo ukiingia kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au Gerezani na kutamka “3S”, muuzaji hunyoosha mkono rafuni kabla hujamaliza sentensi. Tatizo ni kwamba karibu magari hayo yote yana 3S-FE, si 3S-GE, na tofauti ya herufi moja ni tofauti ya hedi nzima, yaani kile kichwa cha injini chenye valvu. Kwenye 3S-FE mkanda wa taimingi huzungusha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) moja tu, na kamshafti ya pili huzungushwa na ya kwanza kwa meno ya gia yaliyofichwa chini ya kifuniko. Kwenye 3S-GE kila kamshafti ina puli yake, na mkanda mmoja unazipitia zote mbili, hivyo mkanda huo ni mrefu zaidi. Nilikuwa dukani siku moja na mkanda wa 3S-FE mezani, muuzaji ananihimiza: “Bosi, 3S ni 3S, chukua huu, usiponiamini mimi utamwamini nani?” Nilitoa mkanda wa zamani kwenye mfuko, tukailaza miwili bega kwa bega juu ya kaunta. Alicheka mwenyewe, akaagiza chai, tukaanza upya kwa adabu.

Kuanzia hapo naenda dukani na namba, siendi na jina. Namba za spea za Toyota zina vipande viwili vya tarakimu tano tano. Kipande cha kwanza kinasema ni kitu gani, na cha pili kinasema ni cha gari gani. Pedi za breki za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na mikanda ya taimingi huanza na 13568. Ukishazoea, unaweza kusoma boksi kutoka mbali na kujua kwamba mtu anakuletea kitu sahihi cha gari lisilo sahihi. Namba kamili hupatikana kwenye katalogi kwa kutumia namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye bamba la chuma ndani ya boneti, na kwa kuwa Japani walitengeneza ST182 yenye 3S-FE na yenye 3S-GE pia, chesisi peke yake haitoshi. Lazima usome na msimbo wa modeli unaoifuata. Nina daftari ambalo kila spea niliyowahi kufunga imeandikwa namba yake, tarehe na kilomita, na pembeni nimeandika kama inaingiliana na gari jingine. Safu hiyo ya pembeni ndiyo yenye thamani. Chujio la oili, plagi, thamostati na beringi nyingi zinazoingiliana na magari ya kila siku sizinunui za akiba, kwani zitakuwepo Kariakoo muda mrefu ujao. Vitu vya bodi, vioo, taa na mipira, ambavyo ni vya Celica na hakuna gari jingine linalovivaa, navinunua ninapovikuta, hata kama sina shida navyo kwa wakati huo.

Nilipolichukua gari hili halikuwa na thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini. Hilo halikunishangaza, maana katika gereji nyingi za kwetu thamostati huhesabiwa kuwa kifaa cha nchi za baridi, na fundi akikuta gari limechemka, jambo la kwanza ni kuitoa na kuitupa. Nimebishana kuhusu jambo hili na watu wengi, nao wana hoja: thamostati ikigoma kufunguka, injini itachemka kweli, na hedi ikipinda ni gharama kubwa. Lakini katika injini hii kifaa hicho kina kazi mbili. Kiko upande wa mpira wa chini wa rejeta, huanza kufunguka maji yanapofika karibu nyuzi 82, na kadiri kinavyofunguka, sahani ndogo iliyo kwenye mkia wake huziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta wakati injini ni ya baridi. Ukikitoa, njia kuu inabaki wazi, lakini na njia ya mkato inabaki wazi vilevile. Sehemu ya maji hurudi kwenye injini yakiwa ya moto kama yalivyotoka. Matokeo yake ni kitu kinachoonekana kama uchawi: gari linachelewa kupata moto kwenye barabara tupu, lakini ukilikamua kwenye mlima au ukalikwamisha kwenye foleni ya Mwenge saa nane mchana linapanda moto kuliko lingepanda likiwa na thamostati yake.

Nilifunga mpya, kile kivalvu kidogo chake kinachochezacheza kikiwa kimeelekea juu ili hewa ipite, nikaosha mfumo mzima mpaka maji ya kutu yakaacha kutoka, nikajaza kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, badala ya maji ya bomba. Kifuniko cha rejeta nacho nilibadilisha, maana ni kitu kidogo kinachodharauliwa: spring yake ndiyo inayoshikilia presha, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke mpaka yafike jirani na nyuzi 120. Kifuniko kilicholegea huruhusu maji kuchemka kwa nyuzi 100 kama ya chai, kisha lawama inaangukia gasketi ya hedi. Nimeona hedi za watu zikipasuliwa na kupelekwa kuchongwa kwa kosa la kifuniko.

Thamostati hiyo hiyo ilifumbua fumbo jingine. Asubuhi gari lilikuwa linawaka kwa shida, linatikisika, linataka kuzima, kisha likipata moto linatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila aliyelisikia alikuwa na dawa yake: plagi, pampu ya mafuta, nozeli, hata petroli yenyewe. Magari ya umri huu hayakubali zile mashine za kupimia za kisasa, lakini yana njia yake ya kusema. Ndani ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na chini ya kifuniko hicho kuna matundu yenye majina. Nilinyoosha pini ya kubania karatasi, nikaingiza ncha moja kwenye TE1 na nyingine kwenye E1, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikakaa kutazama taa ya injini kwenye dashibodi. Gari lisilo na tatizo hupepesa taa hiyo mfululizo bila kupumzika. Langu lilipepesa mara mbili, likatulia, likapepesa tena mara mbili, likatulia kwa kirefu zaidi, kisha likarudia. Mbili na mbili: kodi 22, yaani msimbo wa kosa la sensa ya joto la maji.

Hapo ndipo mambo yalipoeleweka. Injini hii ina vifaa viwili vinavyopima joto la maji. Kimoja chenye waya mmoja huendesha mshale wa dashibodi, na kingine chenye waya mbili huiambia kompyuta. Mshale wangu ulikuwa mzima, kwa hiyo kila mtu aliamini joto linasomwa vizuri. Kompyuta, kwa kukosa habari kutoka kwenye sensa yake, hujifanya maji yako nyuzi 80 siku zote. Asubuhi injini ikiwa ya baridi hupewa petroli ya injini ya moto, nayo hugoma, na ikishapata moto wa kweli hesabu inalingana na mambo yanatulia. Nilifuata waya kwa vidole, nikakuta plagi ya sensa imevunjika kimkono chake cha kufungia na waya mmoja umechomoka, karibu kabisa na mahali ambapo mtu aliyetoa thamostati alipitisha mkono. Sensa yenyewe ilikuwa nzima. Plagi ya aina hiyohiyo niliikata kwenye mtandao wa waya wa Corona iliyokufa Gerezani, nikaunganisha kwa risasi, si kwa kusokota waya na kufunga seloteepu, kisha nikachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kwa muda mfupi ili kompyuta isahau kosa la zamani. Bei ya tiba hii haikufikia hata bei ya plagi nne za injini.

Nakaa kwenye jambo hili kwa sababu linaonyesha namna magari ya umri huu yanavyougua. Chuma cha 3S ni kigumu. Pistoni na krankshafti yake vitavumilia mengi. Kinachozeeka ni plastiki, waya na mpira, navyo havijali kilomita. Gari lililotoka Japani likisoma kilomita chache linaweza kuwa na mipira iliyokauka kuliko teksi, kwa kuwa mpira huzeeka ukiwa umeegeshwa. Mipira midogo ya upepo iliyo nyuma ya inteki, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, isiyozidi unene wa kidole cha mtoto, ilikuwa imekakamaa mpaka ikakatika kwa kukunjwa. Ndiyo iliyokuwa inafanya sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ipande na kushuka. Niliibadilisha yote kwa mara moja, mmoja baada ya mwingine, nikitoa mmoja na kufunga mmoja kabla ya kugusa unaofuata, kwani ukiitoa yote kwa pamoja unajipa kazi ya kutafuta mchoro.

Injini ilipoanza kuwa na misi, yaani kurukaruka bila kuchoma vizuri, nilifungua plagi nikakuta visima vyake vimejaa oili. Kwenye 3S-GE plagi ziko katikati ya hedi, ndani ya mirija mirefu, na mirija hiyo inazibwa kwa sili za mpira chini ya kifuniko cha valvu. Sili zikikakamaa, oili hushuka kwenye visima na kuzama kwenye mipira ya waya za plagi, na umeme hutafuta njia nyingine. Dawa ni sili mpya na gasketi mpya ya kifuniko. Dawa ya mtaani ni silikoni, inayopakwa kwa ukarimu mpaka inafurika pande zote mbili, na ile iliyofurika ndani haionekani tena mpaka imeng'oka na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Silikoni ina mahali pake, napo ni pachache: kwenye kona ambako kitabu cha kiwanda kinasema ipakwe kidogo.

Mipira ya breki nayo ni ya kutazamwa kwa jicho la shaka. Kwa nje huonekana mizuri, lakini ndani huvimba na kuziba, pedi zikabaki zimebana baada ya kuachia. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haina uhaba wa unyevu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanywa maji kiwango hicho hushuka hadi 140, na hapo mteremko mrefu unatosha kukupa pedali laini isiyo na kitu. Nabadilisha yote kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea. Kuhusu matairi, sinunui ya mtumba kwa kutazama kashata, yaani meno ya tairi. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lililoandikwa 2309 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, na kwa gari la spoti kashata zake nene hazinishawishi.

Kutu ni habari ndefu na ya kukatisha tamaa, nami nitaisema kwa ufupi kuliko inavyostahili. Hewa ya bahari inafika kila kona ya mji huu, si Coco Beach peke yake, na anayevuka kwa kivuko kwenda Kigamboni mara kwa mara anabeba maji ya chumvi chini ya gari lake bila kujua. Kwenye Celica kutu huanza mahali maji yanapokwama: chini ya sahani ya betri, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na ndani ya milango ambayo matundu yake ya kutolea maji yamezibwa na vumbi na majani. Matundu hayo nayazibua kwa waya wa plastiki kabla ya masika na baada ya masika. Unaponunua gari la namna hii, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa upitishe juu ya bodi. Pale isiposhika pana puti, na chini ya puti karibu siku zote pana kutu inayoendelea kula kwa raha zake. Fundi wa bodi atakwambia rangi ndiyo kinga. Rangi ni kinga ya upande unaouona. Upande wa ndani unakingwa na nta inayopulizwa kwenye uwazi wa milango na kingo za sakafu, na kazi hiyo haipendezi macho, haisifiwi na mtu, na ndiyo iliyoniokolea gari.

Umeme wa gari la pwani una ugonjwa wake pia, ambao ni waya za hasi zinazounganisha betri, bodi na injini. Zinaonekana zimefungwa vizuri, kumbe chini ya bolti kuna unga wa kijani. Kabla ya kununua stata au alteneta, chukua mita ya umeme, weka ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mwambie mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani, na stata mpya haitasaidia kitu.

Taa za kuinuka ndizo zinazowavuta watoto wa mtaani, na ndizo zilizonifundisha uvumilivu wa kazi ndogo. Kila taa ina mota yake, na siku moja ya kulia ilibaki nusu njia, gari likaonekana kama mtu anayesinzia jicho moja kanisani. Watu huichukulia taa hiyo kwa nguvu na kuisukuma kwa mkono, na mara nyingi hapo ndipo mkono wa plastiki unapovunjika. Mota ina kitufe cha kuzungusha chini ya kofia ndogo ya mpira. Unachomoa kwanza fyuzi yake, maana mota ikiamka vidole vikiwa ndani itaendelea na safari yake, kisha unazungusha kitufe polepole mpaka taa inainuka yenyewe. Nilipoifungua mota nilikuta maji yaliingia kupitia kofia iliyopasuka. Ndani yake kuna sahani ya shaba yenye njia za duara ambazo vidole vidogo vya chuma huziparuza ili mota ijue imefika juu au chini, na njia hizo zilikuwa zimefunikwa na uchafu wa kijani. Nilizisafisha kwa msasa laini kabisa, nikapaka grisi kidogo, nikatengeneza kofia kwa mpira wa bomba la baiskeli. Mota mbili za akiba nilizipata baadaye kutoka Sharjah, kwa mtu anayevunja magari ya Kijapani, nazo zimekaa kabatini zimefungwa kwenye nailoni.

Sifanyi kila kitu mwenyewe. Kazi za klachi, gia boksi na kuchonga namwachia mzee mmoja wa Gerezani ambaye ameshika 3S tangu zilipokuwa mpya nchini. Tumekubaliana mambo mawili: spea naleta mimi, na bolti inayotakiwa kukazwa kwa kipimo inakazwa kwa spana ya kipimo, ambayo naleta mimi pia. Mwanzoni aliitazama spana hiyo kwa huruma. “Mwanangu, huu mkono umekaza injini tangu hujaoa,” aliniambia, nami nikamjibu, “Najua mzee, shikamoo, lakini nifurahishe tu.” Siku hizi huiazima. Nati za magurudumu ya gari hili zinatakiwa nyutoni mita 103, na ukweli ni kwamba mikono ya mzee hukaribia sana kipimo hicho. Wasiokikaribia ni vijana wa pancha, wanaopanda juu ya spana kwa miguu miwili. Nati zikikazwa hivyo bila mpangilio, diski za breki huanza kupiga usukani kwenye spidi, na mwenye gari huenda kubalansi matairi bila mafanikio. Kila ninapotoka kwa wa pancha nasimama mbele kidogo, nalegeza, nakaza upya kwa mpangilio wa msalaba.

Mkanda wa taimingi tuliufunga pamoja, mimi na yeye. Kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, lakini mkanda usio na historia ni mkanda uliokwisha, na gari hili lilinijia bila karatasi. Alama za kamshafti zote mbili na ya krankshafti zikishakaa, tulizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, tukisikiliza kama kuna kinachogusa, kisha tukazitazama alama upya. Mkanda ulihitaji jino moja kurudi nyuma. Mzee alitaka kuliacha. Tulilirudisha.

Yeye huyo ndiye anayenishawishi kila mara nitoe 3S-GE na kuweka 3S-FE ya Noah, tena kwa nia njema: spea zote zitakuwa za kona ya mtaa, petroli itapungua, na injini nzima ya kutoka Japani haina bei ya kutisha. Wapo wanaonishawishi upande wa pili, niweke ya turbo, wakisahau kwamba gia boksi, breki na rejeta zilizopo hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo kila ubadilishaji ni safari ya TRA, mamlaka ya mapato, pia. Nimekataa yote mawili. Injini ya asili ninaijua tabia zake, inapanda resi kwa sauti ninayoipenda, na vitu vyake vinavyochakaa vinapatikana kwa mwenye subira. Injini haijawahi kuliweka gari hili juu ya mawe. Aliyeliweka juu ya mawe kwa muda mrefu zaidi ni mpira wa kioo cha nyuma, uliokuwa unapitisha mvua yote kwenye buti.

Kwa hiyo kabati langu lina vitu ambavyo mtu wa nje atashangaa kuvikuta: mota mbili za taa, kioo cha pembeni cha kushoto, mipira ya milango yote miwili, lenzi za indiketa, vishikizo vya milango, na furushi la vibanio vya plastiki vya kila umbo. Pistoni hakuna, ringi hakuna. Kioo cha mbele ndicho bado sijakipata cha akiba. Yule wa Sharjah anasema anacho kimoja kisicho na mkwaruzo, ila hawezi kukisafirisha peke yake bila kupata kontena la mtu anayeleta mzigo Dar es Salaam, kwa hiyo tunasubiri kontena, na kwa sasa naacha nafasi kubwa nyuma ya kila lori la kokoto.